Jua Likipatwa: Si Chewa, Wala Si Nyota ya Mtu

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa Junju baada ya swala ya alasiri)



Ndugu zangu vijana, mama zangu na baba zangu. Baada ya kumhimidi Allah (S.W.T.) na kumswalia Mtume wetu (S.A.W.), nataka tuzungumze juu ya jua kupatwa.

Tarehe 3 Novemba 2013 ilikuwa Jumapili, na mimi nilikuwa bado mdogo madrasani. Alasiri ile, kule Turkana jua lilifunikwa lote. Huku kwetu likaliwa kipande. Nyumbani tukaambiwa tuingie ndani. Shangazi yangu alikuwa mjamzito, akakatazwa hata kushika kisu, eti mtoto atazaliwa na alama. Wazee wakamtaja chewa, yule samaki asemwaye humeza jua na mwezi. Sisi wavulana tukatoroka tukaenda kushindana nani atalitazama jua zaidi bila kupepesa. Mwenzangu mmoja akashinda. Hakusikia maumivu yoyote. Kesho yake alipofungua msahafu, katikati ya kila neno palikuwa na doa. Mpaka leo anasoma akiwa amegeuza uso kidogo.

Shangazi naye alitoka kuanua nguo, akajifungua salama, na mtoto huyo sasa ananishinda kwa kula mahamri. Yaani tulimchunga asiyekuwa na hatari, na waliokuwa na hatari hawakuambiwa sababu.

Sababu ni hii: pale nyuma ya jicho panapopokea mwanga hapana hisia ya maumivu. Panaungua nawe hujui. Miwani ya kawaida ya jua haikingi, wala filamu ya eksirei, wala kioo cha masizi. Beseni la maji pia si kinga, maana maji yanakurudishia jua lile lile. Kinachofaa ni miwani maalumu yenye alama ya ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo, au kioo cha mchomeleaji namba 14. Huna? Lipe jua mgongo, toboa karatasi kwa sindano, uangalie mwanga unaoanguka chini. Au ingia nyumba ya makuti yenye vitundu: sakafuni utaona majua madogo mengi, kila moja limeumwa kipande. Hata chini ya mwembe utayaona.

Sasa tuje kwenye nyota. Kuna watu hufungua kitabu, wakakwambia kupatwa huku ni mkosi wa fulani, toa pesa uzinguliwe. Ndugu zangu, jua lilipatwa Madina mwaka 632, siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume (S.A.W.). Watu wakasema jua limemlilia. Baba mwenye msiba angeweza kunyamaza tu, heshima ikabaki kwake. Hakunyamaza. Alifundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, hazipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu, na tukiona hivyo tuswali na tuombe. Kama halikupatwa kwa ajili ya Ibrahim, litapatwa kwa ajili ya duka lako?

Ilmu ya falaki ni jambo jingine, na Ramadhani tunaihitaji. Jua hupatwa mwezi unapopita kati yake na sisi, na hiyo huwa ni mwisho wa mwezi wa Kiislamu tu. Jumatatu tarehe 3 Oktoba 2005 ilikuwa mwisho wa Shaabani. Kivuli kilitoka Sudan na Ethiopia, kikakata Kenya kikatokea kusini mwa Somalia, kama saa nane mchana. Magharibi ya siku ile mwezi ulikuwa umeachana na jua kwa saa nne na kitu. Rekodi ya jicho tupu ni kiasi cha saa 15. Kwa hiyo aliyesema ameuona jioni ile angeulizwa vizuri, kwa adabu.

Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027, inshaallah, Makka itaingia giza mchana kwa dakika kama tano. Huku kwetu litapatwa sehemu tu. Swala yake ni rakaa mbili, kila rakaa ina rukuu mbili, haina adhana wala iqama. Huitwa "As-swalaatu jaami'ah". Wanaotaka kuijifunza tukutane hapa hapa baada ya tarawehe. Makaratasi na sindano nitaleta mimi.

Wabillahi tawfiq.