Bluff, Durban: zaidi ya mawimbi

Ukifika Durban, nenda Bluff, kusini mwa bandari. Utaoga baharini Brighton Beach. Na kati ya Juni na Novemba huenda ukawaona nyangumi wakipita. Kituo walikochinjwa kilifungwa mwaka 1975.

Lakini usiondoke bila kufika Kings Rest. Hapo waliishi watu walioitwa Wazanzibari: wengi wao Wamakua, waliokombolewa utumwani na kuletwa kutoka Zanzibar kuanzia mwaka 1873. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, sheria ya ubaguzi wa rangi iliwahamishia Chatsworth, mbali na bahari. Makaburi ya wazee wao yalibaki. Pita kwa heshima, uwaombee rehema. Nao walivuka bahari hii yetu.