Kushindwa kwa Kura na Heshima ya Uongozi



Tumealikwa kutafakari pamoja jambo ambalo katika siasa huhesabiwa kuwa ni aibu tupu, yaani kushindwa. Semina zetu za elimu ya uraia huwafundisha watu namna ya kuchagua. Ni mara chache mno zinawafundisha namna ya kushindwa. Hata hivyo wahenga walikwisha kutuambia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ili tusiishie katika methali, tutazame mahali pawili ambapo wananchi waliulizwa swali zito kuliko la uchaguzi wa kawaida, yaani iwapo nchi yao ijitenge na kujitawala.

Mahali pa kwanza ni Uskoti, iliyo katika muungano na Uingereza tangu mwaka 1707. Tarehe 15 Oktoba 2012, mjini Edinburgh, Waziri Kiongozi wa Uskoti, Alex Salmond, na Waziri Mkuu wa Uingereza, David Cameron, walitia sahihi mapatano. Walikubaliana kwamba kura ya maoni itafanyika kwa mujibu wa sheria, na kwamba serikali zote mbili zitaheshimu matokeo, yawe yoyote yale. Kura ilipigwa tarehe 18 Septemba 2014, na hata vijana wa miaka 16 na 17 waliruhusiwa kushiriki. Walijitokeza wapiga kura 84.6 katika kila 100 walioandikishwa. Waliosema ndiyo walikuwa 1,617,989, na waliosema hapana 2,001,926, yaani asilimia 44.7 kwa 55.3.

Alfajiri ya tarehe 19 Salmond alisimama mbele ya wafuasi wake, wengi wao wakiwa na majonzi, akakubali uamuzi wa wananchi na kuwasihi Waskoti wote waukubali. Mchana wa siku hiyo hiyo alitangaza kwamba atajiuzulu. Alikuwa ameiongoza serikali tangu mwaka 2007, na hakuna sheria iliyomlazimisha kuondoka. Alieleza kwamba muda wake wa kuongoza unafikia mwisho, bali hoja ya uhuru itaendelea kuwa hai. Mwezi Novemba alimkabidhi madaraka Nicola Sturgeon, aliyekuwa naibu wake, baada ya chama kumchagua kwa taratibu zake.

Tusimfanye Salmond malaika. Siku mbili tu baada ya matokeo alilalamika kwamba wapiga kura wa upande wa hapana walihadaiwa na ahadi zilizotolewa katika siku za mwisho za kampeni. Hata hivyo lawama yake iliwaelekea wanasiasa waliotoa ahadi, na hesabu ya kura hakuikana. Jumapili hiyo hiyo, tarehe 21 Septemba, ilifanyika ibada ya upatanisho katika kanisa la St Giles mjini Edinburgh, na wawakilishi wa pande zote mbili wakaketi pamoja.

Mahali pa pili ni jimbo la Quebec nchini Kanada, ambako wakazi walio wengi husema Kifaransa. Mwaka 1980 Waziri Mkuu wa jimbo hilo, René Lévesque, aliwaomba wananchi idhini ya kujadiliana na Kanada ili Quebec ipate mamlaka yake kamili. Karibu watu 60 katika kila 100 walikataa. Lévesque alikubali matokeo, akabaki kazini, na mwaka uliofuata wananchi wale wale wakakirudisha chama chake madarakani.

Tarehe 30 Oktoba 1995 wananchi wa Quebec waliulizwa tena, safari hii chini ya Waziri Mkuu Jacques Parizeau. Walioshiriki walipita 93 katika kila 100. Hapana ilipata asilimia 50.58, na ndiyo asilimia 49.42. Tofauti haikufika kura 55,000, hali kura zilizokataliwa kuwa zimeharibika zilizidi 86,000. Twaweza kuelewa uchungu wa mtu aliyeikaribia ndoto yake kiasi hicho kisha ikamponyoka. Lakini usiku ule Parizeau alisema hadharani kwamba wameshindwa kwa sababu ya fedha na kura za makabila, akiwakusudia wananchi ambao asili yao si ya Kifaransa. Maneno hayo yaliwachoma wengi, hata baadhi ya wafuasi wake. Kesho yake alitangaza kujiuzulu.

Ndugu, hapa ndipo penye kiini cha mada yetu. Lévesque alishindwa akabaki. Parizeau na Salmond walishindwa wakaondoka. Kama kujiuzulu peke yake kungekuwa ndicho kipimo cha heshima, tungewaweka Parizeau na Salmond katika kundi moja na kumwacha Lévesque nje. Lakini kipimo cha kweli ni jinsi kiongozi anavyomtazama mwananchi aliyemwambia hapana. Je, anamwona kuwa ni mwenye nchi sawa na yeye, au anamwona kuwa ni mgeni aliyeingilia mambo yasiyomhusu? Mtu anaweza kuacha kiti lakini akaacha pia jeraha. Anayewagawa wananchi kuwa wenyeji halisi na wenyeji wa kuhesabiwa tu, amekwisha kuharibu nchi ile ile aliyotaka kuikomboa.

Tunapata mafundisho matatu.

Kwanza, kukubali kushindwa huandaliwa kabla ya kura. Mapatano ya Edinburgh yalitangulia matokeo kwa karibu miaka miwili. Kanuni zikitungwa wakati hakuna ajuaye mshindi, kila upande huzitunga kwa haki.

Pili, aliyepiga kura kinyume chetu si adui wala msaliti. Amelijibu swali tulilomwuliza sisi wenyewe. Kama hatuko tayari kusikia hapana, basi hatukumwuliza, tulimwamuru.

Tatu, kuondoka kwa kiongozi si kifo cha hoja yake. Mwezi Mei 2015 chama cha Salmond kilipata viti 56 kati ya 59 vya Uskoti katika Bunge la Uingereza, ingawa Uskoti imebaki ndani ya muungano. Naye Cameron, aliyeshinda mwaka 2014, alishindwa katika kura ya maoni ya Juni 2016 kuhusu Umoja wa Ulaya, akatangaza kujiuzulu kesho yake. Hivyo wote wawili waliotia sahihi pale Edinburgh walikuja kuondoka kwa sauti ya wananchi. Cheo ni dhamana, na mwenye mali anapoidai dhamana yake hatumwiti mwizi.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya mawaziri wa nchi za mbali tu. Twayaona katika vyama vyetu vya ushirika, katika kamati za shule na hata katika halmashauri za parokia. Mwenyekiti akikosa kura huacha kuhudhuria mikutano, hukaa na daftari la fedha nyumbani, au hunong'ona kwamba ameangushwa na watu wa kuja. Watoto wetu husikiliza minong'ono hiyo. Watakapokuwa wakubwa wataitumia katika mambo makubwa zaidi, na huko gharama yake huweza kuwa damu.

Tunawaombeni mkajadili katika jumuiya zenu maswali haya:

1. Je, tunazo kanuni za uchaguzi zilizokubaliwa na wote kabla ya kupiga kura?

2. Kiongozi wetu aliyeshindwa mara ya mwisho alikabidhi nini, kwa nani, na baada ya siku ngapi?

3. Tunawaitaje wale waliopiga kura kinyume chetu, hasa wanapokuwa hawapo?

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote. Tukiweza kulijibu bila kuona haya, tutakuwa tumejifunza kushindwa, na tutastahili kukabidhiwa ushindi.