Sola ya wino na maabara ya watoto wetu



Paneli nyingi tunazofunga majumbani ni za silikoni, ambayo huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,400. Sola ya oganiki ni tofauti. Misombo ya kaboni huyeyushwa ikawa wino, kisha huchapwa juu ya plastiki nyembamba, kama gazeti linavyochapwa.

Vikwazo vipo: misombo hiyo ni ghali, huchakaa mapema, na viyeyusho vyake, kama klorobenzini, vina sumu. Watafiti wanatafuta misombo iliyo rahisi kutengeneza na viyeyusho visivyodhuru, hata maji. Wenzetu wa Meatu wanaolima pamba ya kilimo hai wanalijua hili: kuacha sumu kunawezekana, ila kunadai elimu.

Kwa hiyo zahanati ikihitaji taa leo, tufunge silikoni, maana imeshathibitika kudumu. Lakini mchango wa maabara tusiuahirishe. Mtoto wa Bariadi, Itilima au Busega asiyewahi kuchanganya kemikali kwa mikono yake hatatengeneza wino huo. Atauziwa tu, nasi jua tunalo.

Tuchangie maabara.