Chakula chenye nyuzinyuzi, utumbo na kazi ya ubongo

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Garsen



Mkazi wa Garsen aliyepitia ukame ulioanza mwaka 2020, kisha mafuriko ya mwisho wa 2023, anajua jinsi moyo unavyochoka. Shamba la ndizi likizama au ng'ombe wakifa, sahani nayo hubadilika. Unga uliokobolewa, mchele mweupe na sukari huchukua nafasi ya kunde, pojo na mboga za kienyeji. Mabadiliko hayo hayaishii tumboni.

Nyuzinyuzi hazimeng'enywi na tumbo la mwanadamu. Hushuka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huzichachusha, kama maziwa yanavyochachuka ndani ya kibuyu. Hapo hutoka asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi. Tatu zilizo nyingi ni aseteti, propioneti na butireti. Butireti ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo.

Ina kazi nyingine pia. Ndani ya seli, jeni zimo katika uzi wa DNA uliozungushiwa protini, kama mshipi wa mvuvi kwenye kijiti. Uzi ukikazwa sana, jeni haisomeki. Butireti huzuia vimeng'enya vinavyosaidia kuukaza, na baadhi ya jeni hufanya kazi zaidi.

Mwaka 2014 watafiti walijaribu butireti na propioneti kwenye seli za panya zilizokuzwa maabara. Asidi hizo zilibadilisha utendaji wa jeni ya kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa dopamini, kemikali ambayo seli za neva huitumia kupashana habari. Mwaka 2015 utafiti mwingine ulionyesha kuwa aseteti na butireti huongeza utendaji wa jeni ya TPH1 katika seli za utumbo. Jeni hiyo inahitajika kutengeneza serotonini, na takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa utumboni.

Hapa pana tahadhari. Serotonini ya utumbo haiingii kwenye ubongo moja kwa moja. Husaidia utumbo kusukuma chakula na huamsha neva zinazopeleka habari kichwani. Majaribio ya seli maabara si tiba ya binadamu. Kwa hiyo, anayeuza unga au dawa ya mitishamba akidai inaponya huzuni kupitia tumbo asiaminiwe.

Linalowezekana nyumbani ni jepesi. Familia ichanganye kunde au pojo na ugali wa unga usiokobolewa, ipike ndizi mbichi na mchicha, na watoto wale maembe msimu wake ukifika. Maziwa yachemshwe kwanza ndipo yagandishwe, kwa sababu maziwa mabichi huweza kuleta homa ya brusela. Asiyezoea nyuzinyuzi aongeze kidogo kidogo na anywe maji salama ya kutosha, tumbo lisijae gesi.

Chakula hicho husaidia mwili, lakini hakichukui nafasi ya matibabu. Mtu aliyekosa usingizi kwa majuma, anayejitenga na watu au anayesema heri afe, asiachwe peke yake wala asifichwe ndani kwa aibu. Jamaa wamfikishe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu ameanza kula vizuri.