Kifafa Kitibiwe Zahanati



Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na matibabu yake yanapaswa kuanzia zahanati ya kijiji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaugua, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Dawa ya fenobabitoni, inayotumika tangu 1912, bado ni ya bei nafuu. Hapa kwetu Tanzania, Dkt. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, akikuta wagonjwa wenye makovu ya moto: waliangukia jikoni, na watu wakaogopa kuwashika kwa kudhani povu la mdomoni linaambukiza. Haliambukizi.

Nitaambiwa kwamba zahanati hazina mabingwa wala mashine za kupima mawimbi ya ubongo. Ni kweli, lakini ugonjwa huu hutambuliwa zaidi kwa maelezo ya aliyeshuhudia. Mgonjwa alianza kukakamaa upande gani? Aliuma ulimi? Alijikojolea? Ilichukua dakika ngapi? Mama anayejibu hayo anamfanyia tabibu karibu nusu ya kazi, na bingwa abaki kwa wale wanaoshindikana. Wengine watasema, dawa tumempa mgonjwa na bado anaanguka. Wapo ambao dawa ya kwanza haiwafai, nao wapewe rufaa. Lakini tuulize kwanza kama kidonge kilimezwa kila siku. Dawa ikiisha stoo wiki mbili, au mzazi akiikatisha kwa kuona mtoto amepona, degedege hurudi kwa nguvu na huweza kuua. Hapo tusiilaumu dawa. Kwa wanaokwenda kwa mganga wa jadi sina ugomvi (tukiwagombeza watatuficha tu), ila vidonge visiachwe.

Wahudumu wa afya ya jamii, mkimkuta mtu ameanguka, mwondoeni penye moto au maji, mlazeni kwa ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika tano kabla hajatulia, apelekwe hospitali. Nanyi waganga wafawidhi, agizeni fenobabitoni kabla kopo la mwisho halijafunguliwa.

Baada ya kusema hayo, natamka kuwa mafunzo haya kuhusu kifafa yamefunguliwa rasmi.