Jani la Barazani na Jani la Upweke

 



Jambo linalowekwa mbele yenu ni hili. Yuko mtu atumiaye kitu cha kubadili akili pamoja na wenzake ili kuchangamsha mazungumzo. Na yuko atumiaye kitu hicho hicho peke yake ili aikimbie huzuni ya moyo. Je, hao ni mamoja? Mfano hauna haja ya kutafutwa mbali. Ni mirungi, ambayo Uganda huitwa mairungi na Kenya huitwa miraa.

Mirungi haikuanza jana. Katika Yemen na katika mji wa Harar, Uhabeshi, imetafunwa kwa karne nyingi. Wanavyuoni wa Yemen walipohitilafiana juu yake katika karne ya 16, swali lilifikishwa Makka kwa Imamu Ibn Hajar al-Haytami, ambaye vitabu vyake vyajulikana sana kwa masheikh wa madhehebu ya Shafii. Imamu aliandika risala nzima. Hakuthubutu kukata shauri kuwa ni haramu tupu, kwa kuwa habari alizoletewa zilipingana. Lakini aliwausia watu wajiepushe nayo.

Leo habari ni nyingi zaidi. Mwaka 1975 wataalamu walitambua ndani ya jani bichi kitu kiitwacho kathinoni, ambacho kazi yake yafanana na ya amfetamini. Jani likikauka nguvu hiyo hupungua upesi, ndiyo maana wachuuzi hulifunga katika majani ya mgomba na kulikimbiza sokoni. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani liliihesabu mirungi miongoni mwa vitu viwezavyo kumtia mtu katika mazoea mabaya.

Sasa piga mfano wa watu wawili. Wa kwanza huketi barazani siku ya mapumziko, akatafuna, akacheka, akaagana na wenzake. Wa pili alifiwa na mkewe. Siku tatu nyumba yake ilijaa watu. Kisha matanga yakaanuliwa, kila mtu akarudi kwake, naye akabaki na watoto na usiku mrefu. Jirani mmoja akampa kifungu cha mirungi apate kukesha bila kuwaza. Usiku ule hakuwaza. Lakini kulipopambazuka nguvu za jani zilikwisha, usingizi haukuja, na huzuni ikarudi imeongezeka. Jioni akanunua vifungu viwili. Huyo alikopa furaha kwa riba, na kila deni alilipa kwa deni jingine.

Watu wa mji humsamehe wa kwanza na kumcheka wa pili. Hapo pana kosa mara mbili. Wa kwanza hana udhuru wa kujivunia, kwani fedha ya watoto hupotea barazani, na sala ya Alasiri hupita huku soga zikiendelea. Zaidi ya hayo, mlango alioingilia mfiwa ulifunguliwa na baraza. Jani lililozoeleka kwa furaha ndilo linaloshikwa kwanza siku ya msiba.

Ama wa pili, kicheko si dawa yake. Mwaka 1985 tabibu wa Marekani, Edward Khantzian, alieleza kuwa wengi wa walevi hawatafuti anasa, bali hujitibu maumivu ya nafsi. Kadhalika, askari wa Marekani waliopigana Vietnam walipochunguzwa na Bibi Lee Robins baada ya mwaka 1971, ilionekana kuwa karibu mmoja katika kila watano alikuwa ametekwa na heroini kule vitani. Waliporejea makwao, wengi sana wa hao hawakurudia kutekwa. Hofu na upweke wa vita vilipowaondokea, kamba ililegea. Basi aliyefungwa aweza kufunguliwa.

Qurani, katika Suratul Baqara aya ya 219, haikukana kuwa katika ulevi mna manufaa. Ilifundisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Na huzuni yenyewe si aibu. Nabii Yakubu alilia mpaka macho yakafanya weupe. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitokwa na machozi mbele ya watu alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Mwanamume wa Kiislamu anayeambiwa ajikaze, asilie, ananyimwa ruhusa ambayo Mtume mwenyewe aliitumia. Na aliyenyimwa machozi hutafuta jani.

Serikali ina kazi yake. Bunge la Uganda lilipitisha tena sheria ya dawa za kulevya mwaka 2023, baada ya ile ya kwanza kubatilishwa mahakamani. Lakini sheria huchoma majani. Haimfuti mfiwa machozi. Kazi hiyo ni ya jirani.

Basi yafaa jumuiya ifanye mambo matatu. Kwanza, baraza zibaki, na kahawa na tende ziwe karamu yake. Pili, mfiwa atembelewe siku ya arobaini na siku ya mia kama alivyotembelewa siku ya kwanza. Tatu, aliyekwisha kutekwa apelekwe kwa matabibu, kama wale wa hospitali ya Butabika mjini Kampala, naye asindikizwe na ndugu, asipelekwe kama mhalifu. Na akirudi, apate nafasi yake katika safu ya sala bila kunyooshewa kidole.

Jani la barazani na jani la upweke hutoka katika mti mmoja. Anayelitafuna gizani asiachwe peke yake.