Fomu imejazwa, nani ameipokea?



Juma lililopita nilikuwa nyumbani Mwamanyili, wilayani Busega. Mtoto wa kaka yangu, ambaye riziki yake ni kutengenezea watu tovuti, alinijia na swali: "Baba mdogo, fomu ya mteja niweke plagini ya bure au ya kulipia?"

Plagini ni programu ndogo inayochomekwa katika tovuti ili kuiongezea kazi. Hii ya fomu humwezesha mgeni kuandika jina, simu na haja yake, akabonyeza, ujumbe ukaenda kwa mwenye tovuti. Kwa wanaotumia WordPress ziko nyingi. Contact Form 7, iliyoanza mwaka 2007, ni ya bure. Gravity Forms, ya mwaka 2009, hulipiwa kila mwaka.

Nikamwambia, kabla ya bei, jiulize ujumbe ukishabonyezwa unakwenda wapi.

Namfahamu mwenye nyumba ya wageni aliyelalamika msimu mzima kwamba tovuti haimletei wateja. Kumbe wateja walikuwa wakiandika. Fomu iliwajibu "asante, ujumbe umepokelewa", lakini barua pepe ziliishia kwenye taka, kwa kuwa zilitumwa bila utambulisho unaoaminika. Nakala haikuwekwa popote. Wageni wakalala kwingine.

Basi fundi aangalie kama plagini inatunza nakala. Gravity Forms hutunza. Contact Form 7 yenyewe haitunzi, ila unaweza kuiongezea Flamingo, kazi ya mtengenezaji yule yule, nayo ni bure.

Lakini kutunza nako kuna dhamana. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haitaki mtu akusanye zaidi ya anachohitaji. Anayeulizia bei ya chumba, namba yake ya kitambulisho cha taifa ni ya nini?

Ya kulipia si mbaya, mradi mteja aelezwe mapema kwamba mwakani atadaiwa tena. Ya bure nayo isitelekezwe. Desemba 2020 Contact Form 7 iligundulika kuwa na mwanya katika sehemu ya kupokea mafaili. Toleo la kuuziba lilitoka mwezi huo huo, lakini lilimfaa aliyeliweka tu.

Kijana alinisikiliza, kisha akatoa simu yake, akafungua tovuti ya mteja aliyekwisha kumkabidhi kazi na kulipwa. Akajaza fomu kama mgeni. Ikamjibu asante. Akampigia mteja simu, akamwomba aangalie barua zake.

Tukangoja mpaka giza likaingia. Haikufika.

"Baba mdogo," akasema, "fedha ya watu nimekwisha kula." Akawasha kompyuta.

Ndugu msikilizaji mwenye tovuti, leo jaza fomu yako mwenyewe. Hadi juma lijalo, kwaherini.